Ubao wa Siku Bila Kosa

Njia ya kwenda Yakini haina haja ya kusimuliwa. Aliyewahi kutembea barabarani macho yakiwa kwenye simu, akagonga nguzo na kuiomba radhi, huyo ameshapita jirani nako. Sikitu Mbwana alifika huko asubuhi ya Jumatatu akiwa na begi moja, mwavuli na hasira. Hasira ilikuwa juu ya mdogo wake, Mwanjaa, aliyeolewa huko, na ambaye kwa wiki mbili alikuwa akimwandikia ujumbe wa namna moja: mtoto hajambo, anatapika kidogo tu.

Sikitu alikuwa na watoto watatu na stashahada ya lishe. Vyote viwili vilikuwa vimemfundisha kwamba mtoto anayetapika wiki mbili ni mgonjwa.

Alimkuta Tunu, binti wa miaka sita, amelala mkekani. Mtoto alijaribu kuinuka amsalimie mama yake mkubwa, akashika ukuta, miguu ikamtetemeka, akakaa tena. Sikitu alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akanusa.

"Ugali wa muhogo?"

"Wa muhogo, dada."

"Muhogo mchungu?"

"Huku hatuna mwingine. Lakini tumeuloweka kabla ya kuuanika."

"Siku ngapi?"

"Moja."

Sikitu akageuka. "Mwanjaa. Mama alikuwa akiloweka siku ngapi?"

"Nne."

"Na ukisahau ukaupika wa siku mbili, alikuwa anafanya nini?"

"Anautupa, na mimi ananichapa."

"Kwa hiyo unajua. Umeolewa huku, au umegongwa kichwani?"

Mwanjaa alichukua simu yake mezani akaishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha hati ya nyumba. "Ukurasa umesema siku moja."

Hapo ndipo Sikitu alipousikia Ukurasa kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa mambo yote ya Yakini yanazunguka hapo, heri uelezwe sasa. Zamani Wayakini walipata habari zao mtandaoni kwa kila mwenye kidole. Huyu aliandika kwamba majivu yanatibu kisukari, yule kwamba daraja limeanguka, na shemeji wa mtu fulani alituma sauti yake akilia kwamba chumvi imekwisha duniani. Watu wakachoka. Wakatokea wanawake wanne waliokuwa wakipima maji ya visima, wakafungua ukurasa mmoja. Waliandika tu walichokiona au walichomuuliza mtu anayejua, na walitaja jina lake. Wakikosea waliandika, "Jana tulikosea," kisha wakaendelea. Polepole watu wakaanza kusema, "Ngoja tuone Ukurasa unasemaje." Hivyo ndivyo imani ilivyojengwa, tone kwa tone, kama mtungi unavyojaa.

Kisha serikali ikaipenda imani hiyo, ikataka kuilinda. Ikatunga Sheria ya Kutokosea: Ukurasa ukikiri kosa, utafungwa. Maneno "Jana tulikosea" yakafutwa, na kwenye uwanja wa mji ukasimamishwa ubao mkubwa. Kila asubuhi saa mbili, kwa tarumbeta, ofisa mwenye glavu nyeupe alipanda ngazi na kubadilisha tarakimu. Siku ile Sikitu alipopita na Tunu mgongoni kuelekea zahanati, ubao ulisomeka: SIKU 4,399 BILA KOSA.

Muuguzi wa zahanati alimpima mtoto, akamtazama Sikitu, akafunga mlango.

"Ni muhogo," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni wa kumi na tisa. Mpe uji wa mahindi, mayai, maharage. Muhogo asiuguse. Dawa hii ya kichefuchefu kijiko kimoja, mara tatu kwa siku."

"Na mbona kwenye kadi umeandika 'uchovu'?"

"Ukurasa haujasema kuna ugonjwa, dada'ngu. Mimi nani nije na ugonjwa wangu?"

Nje ya zahanati kulikuwa na fundi cherehani, mzee mwembamba mwenye tepu shingoni, akishona kola chini ya turubai. Watu walimpa nguo, wakazichukua, wakaondoka bila kumsemesha. Walizungumza na cherehani. "Cherehani, suruali yangu tayari?" Sikitu, aliyelelewa vizuri, alisimama.

"Shikamoo, mzee."

Fundi aliacha kukanyaga. "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Wewe si wa hapa."

"Umejuaje?"

"Mimi ni marehemu Dihenga. Ni marufuku kunisalimia."

Alieleza bila uchungu, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Miaka minne iliyopita Ukurasa uliandika kwamba fundi Dihenga wa mtaa wa zahanati amefariki. Aliyefariki alikuwa Dihenga mwingine, wa mtaa wa pili. Lakini Yakini ina Idara ya Ulinganifu, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba nchi inalingana na Ukurasa. Ukurasa ukisema daraja limefungwa, Idara inakwenda kulifunga. Ukisema mvua itanyesha, gari la zimamoto linapita likimwagia watu maji. Alipoandikwa amekufa, maofisa walikuja nyumbani kwake wakiwa na huruma ya kweli, wakamletea sanda, na wakamwomba asipige kelele.

"Na watu wakakubali?"

"Kila mtu alisikitika. Mke wangu alikaa eda, nikawa nampelekea chai kwenye eda yangu mwenyewe." Alikata uzi kwa meno. "Jirani yangu aliniambia, 'Mzee, kwako wamekosea, najua. Lakini kwa mengine yote wako sawa.' Kuna daraja limefungwa mwaka wa tatu sasa, naye anaamini ni bovu. Mwenye daraja, anayejua ni zima, naye anaamini mimi nimekufa."

Sikitu aliyafikiria maneno hayo njia nzima hadi Idara ya Ulinganifu.

Mkuu wa Idara, Bwana Nyange, alikuwa mtu nadhifu na mpole, na ofisi yake ilijaa majalada hadi darini. Mbele yake alikuwa ameketi mwanamke wa makamo, macho mekundu, mikono imefumbata kitambaa. Sikitu alimweka Tunu kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Nani ameandika muhogo uloweke siku moja?"

Yule mwanamke akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi. Naitwa Hidaya. Mimi ndiye mwandishi wa Ukurasa."

Sikitu alikuwa ameyaandaa matusi mazuri, lakini Hidaya aliyamaliza kabla hayajaanza. "Niliandika Jumanne, wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi. Nilitaka kuandika nne, nikaandika moja. Saa tano nikaliona. Nikaja hapa mbio na kandambili moja. Nimekuja kila siku tangu siku hiyo."

"Na kila siku nimemwambia atulie," alisema Bwana Nyange. "Bibie, elewa. Akiandika amekosea, sheria inafunga Ukurasa. Ukifungwa, watu watarudi kwenye majivu na sauti za mashemeji. Unataka hivyo?"

"Nataka watoto wasile sumu."

"Sisi sote. Ndiyo maana tunatafuta ulinganifu. Daraja lilinichukua nusu saa tu kulifunga. Muhogo ni mgumu kidogo. Tuliuandikia barua."

"Mliuandikia nani?"

"Muhogo. Kupitia kwa wakulima. Tuliuamuru upunguze ukali." Alikohoa. "Haujajibu. Lakini tumepata njia, na kesho inapelekwa Barazani."

Njia yenyewe Sikitu aliisikia Jumanne asubuhi, akiwa amekaa nyuma kwenye viti vya wageni pamoja na Mwanjaa, Tunu akiwa amelala mapajani mwa mama yake. Ukumbi ulikuwa umefurika. Bwana Nyange alisimama, akasoma muswada wa mstari mmoja: kuanzia leo, siku moja katika nchi ya Yakini itahesabiwa jua likichomoza mara nne.

Makofi yakapigwa. Ilikuwa safi kweli. Muhogo ungelowekwa hadi ukali uishe, Ukurasa ungebaki umesema kweli, na hakuna ambaye angeaibika.

Mjumbe mmoja mnene akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mke wangu ni mjamzito. Mkunga amemhesabia siku arobaini zilizobaki. Sasa atabeba majua mia moja na sitini?"

"Wajawazito watapewa kibali cha kujifungua kwa siku za zamani."

"Na watoto wa shule? Wakiingia asubuhi watoke jioni ya siku, si watakaa huko hadi waote ndevu?"

"Watapelekewa magodoro."

"Leo ni Jumanne," akasema mwingine, akihesabu kwa vidole. "Kesho pia ni Jumanne. Ijumaa nitaswali lini?"

"Swali wakati wowote, ndugu, Mungu hasomi Ukurasa," alisema mtu nyuma, na ukumbi ukacheka hadi kengele ikagongwa.

Sikitu alisimama. Karani akamwambia akae: mgeni hana sauti Barazani mpaka mwananchi amkopeshe yake. Alimtazama Mwanjaa. Mwanjaa aliinamisha macho. Mumewe alikuwa mtumishi wa serikali. Ndipo kwenye kona ya mlango, ambako walisimama wasiohesabiwa, fundi Dihenga akainua tepu yake juu.

"Namkopesha yangu."

"Wewe ni marehemu," alisema karani.

"Onyesha kifungu kinachomkataza marehemu kukopesha sauti."

Karani alipekua kitabu mbele na nyuma. Hakikuwepo, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba marehemu angekopesha kitu. Sikitu akaja mbele na chupa ya dawa mkononi.

"Sitawachosha," alisema. "Mtoto wa mdogo wangu ameandikiwa dawa hii mara tatu kwa siku. Leo anywe mara tatu, halafu akae majua matatu bila dawa?"

"Dawa zitahesabiwa kwa siku za zamani," alisema Bwana Nyange.

"Sawa. Mimba siku za zamani, dawa siku za zamani. Swali langu la pili ni la ubao wenu hapo nje. Unasema siku elfu nne na mia nne bila kosa. Karani, zigawe kwa nne."

Karani akaandika, akafuta, akaandika tena. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Elfu moja na mia moja."

Ukumbi ulilipuka. Wajumbe waliokuwa wamekubali kubeba mimba kwa kibali na kupeleka magodoro shuleni sasa walisimama juu ya viti. Ofisa mwenye glavu nyeupe alishika kichwa. Miaka kumi na miwili ya kupanda ngazi, irudi kuwa mitatu! Mjumbe mnene alipaza sauti kwamba afadhali mkewe abebe hayo majua mia moja na sitini. Bwana Nyange alipiga meza.

"Ubao hautaguswa! Ubao utahesabiwa kwa siku za zamani!"

"Ahsante," alisema Sikitu. "Basi siku ya Ukurasa ni siku ya zamani. Na kwa siku ya zamani, muhogo ni nne, ninyi mmesema moja. Mmekosea."

Lile neno lilikuwa halijatamkwa kwenye ukumbi ule kwa miaka kumi na miwili. Watu walitazama dari kama linaweza kushuka. Dari lilibaki mahali pake.

"Akina mama, hamkosei nyumbani kwenu?" Sikitu aliendelea, sasa akiwa amewageukia wanawake. "Mimi nimeshawahi kutia sukari kwenye mchuzi. Nilimwaga, nikasema nimekosea, nikapika upya. Wanangu wanakula chakula changu hadi leo. Wangenikimbia kama ningewaambia kuanzia leo mchuzi ni mtamu."

Ndipo Hidaya aliposimama kwenye kiti chake cha mwandishi, simu mkononi.

"Bi Hidaya," alisema Bwana Nyange, na safari hii hakuwa mkali, alikuwa anabembeleza. "Ukiandika, Ukurasa utafungwa. Mimi na wewe tumeulinda pamoja. Hawatakuamini tena."

"Pengine," alisema Hidaya. "Lakini leo watoto watakula nini?"

Akaandika. Akafuta mara mbili, kisha simu za ukumbi mzima zikalia kwa pamoja kama ndege walioshtuliwa. Watu walisoma: *Jumanne, wiki tatu zilizopita, tuliandika muhogo mchungu ulowekwe siku moja. Tulikosea. Ni siku nne, kisha uanikwe hadi ukauke. Uliolowekwa siku moja utupwe, usipewe hata kuku. Mtoto anayetapika apelekwe zahanati leo. Aliyekosea ni mimi, Hidaya. Nimemuuliza muuguzi wa zahanati na Sikitu Mbwana, mtaalamu wa lishe.*

Wa kwanza kuinuka alikuwa Mwanjaa. Alimkabidhi mtoto kwa dada yake, akatoka mbio, na watu waliokuwa dirishani wakamwona akivuka uwanja kuelekea nyumbani, viatu mkononi, kwenda kumwaga unga. Mwanamke wa pili akamfuata. Kisha ukumbi ukatoka kama maji ya bwawa, na mji mzima ukasikia vifuniko vya mapipa vikigongwa.

Ofisa wa kufunga kurasa alifika na kufuli saa sita kasorobo, kama sheria ilivyotaka. Mlangoni kwa Hidaya alikuta foleni. Mbele kabisa alisimama fundi Dihenga.

"Mama, na mimi?"

Hidaya aliandika: *Miaka minne iliyopita tuliandika kwamba fundi Dihenga wa mtaa wa zahanati amefariki. Tulikosea. Yu hai, na tunamwomba msamaha.* Simu zilipolia, foleni nzima iligeuka. Mtu mmoja akasema, "Shikamoo, mzee," kisha mwingine, kisha mia, na fundi alisimama katikati yao akiitikia marahaba, marahaba, hadi sauti ikamkauka. Mkewe alitoka nyumbani na chai. Alisema sasa ni zamu ya mumewe kupelekewa, akamjazia kikombe.

Nyuma ya Dihenga alikuwa mwenye daraja. Nyuma yake, mwanamke ambaye mtaa wake uliandikwa hauna kisima na Idara ikakifukia. Ndipo Wayakini walipogundua kilichokuwa wazi: kila mmoja alijua kosa moja, lile lililomgusa yeye, na kila mmoja alidhani ni lake peke yake. Nchi nzima ilikuwa imekaa kimya kwa heshima ya imani ya jirani. Ofisa wa kufuli alisimama pembeni akiwaza. Kisha akaiweka kufuli mfukoni, akajiunga na foleni. Jina la mtaa wake lilikuwa limekosewa miaka sita.

Si wote walifurahi. Baba mmoja, ambaye mwanawe alikuwa bado kitandani zahanati, alikuja hadi mbele akatema mate mlangoni. "Kama hili mlikosea, mengine nitajuaje?"

"Hutajua kwa kuniangalia usoni," alisema Hidaya. "Utauliza, nami nitakutajia niliyemuuliza, uende kwake mwenyewe." Yule baba aliondoka. Alirudi siku ya tatu na swali kuhusu mbegu, lakini salamu hakutoa.

Bwana Nyange alionekana jioni ile akiwa amekaa peke yake kati ya majalada yake. Sikitu alipita kumwambia ukweli uliobaki, akasimama kusoma maandishi kwenye migongo ya majalada. Daraja. Mvua ya Machi. Dihenga. Kisima. Kila kitu Idara ilichowahi kulinganisha kilikuwa kimeandikwa na kuhifadhiwa kwa tarehe, majalada mia tatu na kumi na mawili. Hakuna nchi duniani iliyokuwa na orodha bora ya makosa yake.

"Mheshimiwa," alisema, "una mikono?"

"Ninayo."

"Basi beba."

Waliyatoa yote, kwa toroli na kwa vichwa, hadi kwa Hidaya. Kwa wiki nzima Ukurasa uliandika makosa yake kuanzia la kwanza, na Bwana Nyange alikaa kando akisoma tarehe kwa sauti. Watu walisema hawajawahi kusoma kitu kwa hamu namna ile. Sauti za mashemeji ziliendelea kutumwa, maana hazikomi, lakini sasa mtu akisikia kwamba chumvi imekwisha alijibu, "Nani amesema? Umemuuliza nani?" Baraza likaifuta Sheria ya Kutokosea kwa kura zote isipokuwa ya mpiga tarumbeta.

Ukabaki ubao. Wengine walitaka uandikwe sifuri, wengine uchomwe. Mwanjaa, ambaye hakuwa amesema kitu hadharani tangu aolewe, alinyoosha mkono.

"Ni ubao mpana," alisema. "Na mimi nina muhogo wa kuanika."

Siku Sikitu alipofunga begi lake, ubao ulikuwa umelazwa juu ya mawe uani kwa mdogo wake, tarakimu zikiwa chini, na juu yake vipande vya muhogo wa siku nne vilikuwa vyeupe kwa jua. Kuku walikuwa wanausogelea. Tunu alitoka ndani na fimbo, akawakimbiza hadi uani kwa jirani, akarudi mbio, akawakimbiza tena hata walipokuwa hawapo.

Ukurasa uliitoa habari hiyo asubuhi: ubao wa zamani, wa mbao ya mninga, sasa unaanikiwa muhogo. Saa sita mchana ukasahihisha: fundi Dihenga ameugusa, si mninga, ni mvule. Watu wakasoma, wakaendelea na kazi zao.